Kitambaa cha Mama Juu ya Mashine ya Gemu

Ninyi vijana mnaofungua mashine za gemu pale Rwamishenye, wekeni chini bisibisi mnisikilize. Napita mbele ya vibanda vyenu kila Jumapili nikienda misa, nawaona mmeinama, mmoja anapuliza vumbi kwa mdomo, mwingine anachoma risasi ya kulehemu kama anachoma mahindi. Natamani kuingia niseme neno. Halafu naogopa mtaniuliza mimi nilikuwa fundi wa mashine ipi, nami nitalazimika kuwajibu. Nimeona bora niandike, maana nikiwa naandika hamuwezi kuniona uso.

Nilikuwa fundi wa ile mashine ya kijivu. Ndiyo, ileile ambayo mkiiona kwenye rundo la vyuma chakavu mnachomoa feni yake na kutupa kilichobaki. Nilivaa fulana ya kampuni yenye ukosi wa rangi ya chungwa. Nilikuwa na kituo cha matengenezo mjini Bukoba na kibao mlangoni, na watu waliniita Fundi Deo wa Kampuni. Nilipenda sana hilo neno la mwisho. Sisi Wahaya mnatujua. Mtu akipewa fulana yenye nembo, basi hata kwenda kukata ndizi ataivaa.

Mara nyingi nasikia mkibishana kwa nini kampuni yetu ilishindwa na wapinzani wake. Mmoja anasema bei, mwingine anasema ilikuwa na majivuno. Yote mna haki kuyasema. Gemu ya mpira ilichelewa kwenye mashine yetu, na hapa kwetu mashine isiyo na mpira mwenye kibanda ataiweka afanyie nini? Diski zetu zilikuwa na kufuli, hazinakiliki, wakati za wapinzani mlikuwa mnazipata sokoni karibu na nyanya. Pedi zetu za kuchezea zikiharibika ziliagizwa Dar, na Dar waliagiza wanakojua wao. Wenye vibanda walitukimbia mapema kabisa.

Tukabaki na mahali pamoja tu pa kushinda, napo ni sebuleni. Meneja wetu kutoka Dar, Bwana Elias, alikuja akatuambia sasa tunauza mashine ya familia. Michezo ya upole, ya bibi na wajukuu. Na kweli ilikubalika! Walimu walinunua, manesi walinunua, watu wenye watoto Dar na Mwanza waliletewa kama zawadi. Kwa muda fulani nilikuwa mtu wa maana. Halafu zikaanza kurudi zimekufa.

Kabla sijaendelea, niwaambie kitu cha kazi, kisije kikapotea. Mimi sikusomea gemu. Nilijifunza redio kwa Ta Kamugisha, huko Ijuganyondo, mzee mkali aliyekuwa na karakana nyuma ya nyumba yake katikati ya migomba. Ukimletea redio mbovu hakuifungua. Aliuliza, "Inakaa wapi?" Mteja akisema mezani, atauliza meza iko wapi, karibu na nini, dirisha liko upande gani. Mara nyingine alivaa kofia akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwa mteja kutazama mahali redio inapokaa, na sisi wanafunzi wake tukibaki tunamcheka. Aliporudi alisema, "Iko juu ya jiko la mkaa," na kazi ilikuwa imeisha kabla ya kuanza.

Mimi nilipopata fulana niliacha tabia hiyo. Nilikuwa na kaunta. Wateja waliniletea, nikapokea, nikafungua. Ndani nilikuta mambo mengi. Mende hupenda mashine za gemu kwa sababu ya joto, hilo mnalijua. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Niliwahi kumtoa senene mkavu katikati ya feni, mwenye mashine akainama kutazama akaniuliza, "Ni huyo mmoja tu?" Nadhani alitarajia nimpimie sahani.

Lakini mashine nyingi zilizorudi hazikuwa na mdudu. Zilikuwa zimeungua. Saketi imepinda kwa joto, pesti ya kupozea imekauka imekuwa unga. Niliandika kwenye taarifa zangu za kwenda Dar kwamba tatizo ni umeme. Umeme wa kwetu una makosa mengi, ukiuongezea moja hautalalamika.

Ukweli niliugundua kwa bahati. Mwalimu mmoja wa Rwamishenye alinipigia simu kwamba mashine yake inazimika, na kwa kuwa alikuwa jirani nikaenda mwenyewe. Nikaingia sebuleni. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, vimetiwa wanga. Meza ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Jokofu lina kitambaa na juu yake maua ya plastiki. Na mashine yetu, kitu cha bei kuliko vyote mle ndani, ilikuwa imevikwa kitambaa kizuri kuliko vyote, kimefunika kila pembe.

Matundu ya hewa ya mashine yetu yalikuwa juu.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkoba wangu. Mashine za wapinzani matundu yake yalikuwa nyuma. Unaweza kuzivisha shuka zima zikaendelea kupumua. Ya kwetu ilichorwa na watu ambao hawakuwahi kuona sebule ya Mhaya, ambako kitu unachokiheshimu hukiachi uchi. Watoto walikuwa wanainua ncha ya kitambaa, wanawasha, wanaishusha, wanacheza. Mashine inavuta hewa kupitia nyuzi zilizotiwa wanga mpaka inaiva.

Nilimweleza mke wa mwalimu kwa upole. Akakiondoa palepale, akaomba radhi kwa adabu ya Kihaya, "Pole waitu, hatukujua." Nikaaga. Nilipofika kwenye kona nikakumbuka nimesahau kipima umeme changu, nikarudi. Kitambaa kilikuwa kimesharudi mahali pake, kimenyooshwa vizuri zaidi ya mwanzo. Aliona haya, mimi nikaona haya zaidi, tukajifanya hatujaonana vizuri. Nyumba nyingine nilizokwenda baada ya hapo zilikuwa hivyohivyo. Walikitoa kwa heshima yangu, wakakirudisha kwa heshima ya mashine.

Sasa kijana mwenye akili ataniuliza, Fundi Deo, si ungewaandikia Dar? Sentensi moja tu, matundu yahamie nyuma, kampuni ikapona sebuleni. Ningeweza. Niliketi kuandika mara nyingi. Lakini kila nilipofikia neno "kitambaa" niliwaona watu wa makao makuu wakicheka. Niliwasikia wakisema, huko Kagera wanavalisha mashine nguo. Mimi, Fundi wa Kampuni, mtoto wa watu waliosoma, nikaandike kwamba mama zetu wanaua teknolojia kwa sindano ya kufumia! Niliandika umeme.

Naona aibu kuyaandika haya, lakini aibu yenyewe bado haijafika.

Mashine za Kagera zilikuwa zinakufa zaidi kuliko za mikoa mingine, hata makao makuu yakashtuka. Bwana Elias akanipigia kwamba anakuja na mhandisi kutoka kiwandani, mama mmoja mgeni mwenye miwani, na wanataka kuingia kwenye nyumba ya kijijini yenye mashine yetu wajionee. Nikawaza nyumba za wateja wote, zote zina vitambaa. Nikachagua nyumba ambayo nilidhani naweza kuiamuru, ya mama yangu huko Kishanda.

Mama nilimpelekea mashine kwa ajili ya wajukuu wakati wa likizo. Wajukuu walipoondoka akabaki nayo mwenyewe. Alipenda ule mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha chupa. Alicheza amesimama, amejifunga khanga kiunoni, na kila akiangusha chupa zote aliziambia pole. Majirani walikuja kumtazama. Anajulikana kwa mambo mawili pale kijijini, Ma Anjelina, kwa kahawa yake na kwa mkono wake wa kufuma. Hakuna bibi harusi wa upande ule ambaye hakupewa kitambaa cha Mama.

Nikampigia simu kwamba naleta wageni wa kampuni, wazungu na watu wa Dar. Kosa langu ni kwamba sikumwambia neno lolote kuhusu vitambaa. Niliona haya hata kulitaja kwenye simu. Nilipanga kutangulia kuingia nikiondoe kile cha mashine upesi, basi.

Tulipofika niliwaomba wageni watazame shamba kwanza, kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nikaingia ndani haraka. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule amevaa gauni la sikukuu. Nyumba nzima ilikuwa nyeupe. Alikuwa amefua kila kitambaa, ametia wanga, amepiga pasi ya mkaa. Na juu ya mashine kulikuwa na kitambaa kipya ambacho sikuwahi kukiona, cha kijivu, kimezungushiwa ukingo wa rangi ya chungwa. Rangi za fulana yangu. Alikuwa amezitafuta nyuzi hizo hadi Muleba mjini.

"Umekiona?" akaniuliza kwa Kihaya. "Ni cha kampuni yako."

Nilikinyakua nikakisokomeza kwenye mfuko wa suruali.

Mama akautazama mfuko. "Kina uchafu?"

"Hapana, Mama. Hawa si wageni wa vitambaa."

Vijana, nimewahi kuchomwa na risasi ya moto mkononi, nimewahi kurushwa na umeme mpaka nikaanguka. Hakuna kilichoniuma kama kumwona mama yangu baada ya maneno hayo. Hakunigombeza. Aligeuka akaanza kuvitoa vingine vyote mwenyewe, kwenye makochi, kwenye meza, kwenye redio, akivikunja juu ya mkono wake. Nilimwambia, "Mama, viache hivyo, nilikuwa nasema cha mashine tu." Akasema, "Kama si wageni wa vitambaa, si wa vitambaa." Wageni walipobisha hodi alikuwa amevibeba vyote kifuani akielekea chumbani. Makochi yalionekana yalivyo, yamechakaa, sponji imechomoza kwenye mikono. Miaka yote vitambaa ndivyo vilivyoyafunika.

Mhandisi alikuwa mtu mwema. Aliketi akapokea kahawa ya kutafuna, akatafuna bila kukunja uso. Akaizunguka mashine, akaishika juu kwa kiganja, akapima joto. Kisha akasema kitu kwa Kiingereza, na Bwana Elias akanigeukia. "Anauliza, hapa mashine inakaa wazi hivi kila siku?"

"Kila siku," nikasema.

"Muulize mama mwenyewe. Huwa anaitunzaje?"

Bwana Elias hakujua Kihaya. Mama Kiswahili anakisikia vizuri sana, alisoma shule ya misheni, ila mbele ya watu wakubwa anaona salama zaidi kusema kwa lugha yake. Akajibu polepole, akimtazama yule mhandisi na si mimi.

"Waambie huwa naifunika, kwa kuwa ni kitu cha mwanangu. Leo nimeifunua kwa sababu yao."

Lilikuwa jibu lote. Lile walilosafiri kulitafuta lilikuwa limetamkwa pale sebuleni, limekamilika, hata fundi hakuhitajika kuliongezea. Kilichobaki ni mimi kulipitisha.

"Anasema umeme unakatika sana," nikamwambia Bwana Elias.

Bwana Elias akatafsiri. Mhandisi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Mama alinitazama mara moja tu. Alikuwa amesikia nimemtia maneno kinywani, kwa lugha anayoielewa, ndani ya nyumba yake. Angeweza kuniumbua. Akainuka akasema anakwenda kuangalia ndizi jikoni, asije akawalisha wageni zilizoungua.

Tulikula. Wageni walisifu sana. Wakati wa kuaga nilikitoa kile kitambaa mfukoni nikakiacha kwenye meza ya jikoni, kimejikunjakunja, mithili ya leso ya mtu mwenye mafua. Mama alitusindikiza hadi barabarani kama ilivyo desturi, akawapungia wageni mkono.

Kampuni ilisikiliza taarifa yangu, hiyo ndiyo ajabu. Toleo lililofuata lilikuja na kifaa cha umeme kizito kama tofali, kinachovumilia mikatiko yote ya Kagera. Kilikuwa kifaa kizuri sana. Baadhi yenu mnakitumia hadi leo kuchajia vitu vingine, nimeona. Bei ya mashine ilipanda kwa sababu yake, na matundu yalibaki palepale juu. Zikaenda sebuleni, zikavikwa, zikafa.

Wakati huohuo muuzaji wa wapinzani wetu pale mjini, bwana mmoja mcheshi ambaye hata kukaza skrubu hajui, aliwaagiza kina mama wa Ijuganyondo wamfumie vitambaa vya kutosha mashine zake. Ukinunua mashine, unapewa na kitambaa chake. Matundu yako nyuma, hana hofu. Mke wa yule mwalimu wa Rwamishenye alikwenda akanunua, na nilipokutana naye akanionyesha kwa furaha. "Hawa wametufikiria," akasema. Nilimwambia ni kweli. Kitu nilichokificha mfukoni mwenzangu alikuwa anakigawa dukani, na watu walimshukuru.

Kibao changu kilishushwa haukupita muda mrefu. Sitaki mwende kusema kwamba kampuni kubwa iliangushwa na kitambaa cha mama yangu. Iliangushwa na mpira uliochelewa, na kufuli za diski, na pedi za kuagiza, na kutotaka kuingia ndani ya nyumba za watu. Lakini siku moja iliingia. Ilikuja kwa miguu yake mpaka Kishanda ikauliza, na mimi niliyekuwa mlangoni nikaidanganya, kwa sababu niliwaonea haya watu wangu. Wenzangu waliokuwa wakifanya kazi vituo vingine hawajui. Tukikutana bado wanalaumu umeme, nami nanyamaza.

Kwa hiyo ukiletewa mashine, fanya alivyofanya Ta Kamugisha. Uliza inakaa wapi. Nenda ukaone. Ukikuta kitambaa, usimwambie mama wa watu akitoe, maana atakirudisha ukifika kwenye kona. Igeuze mashine isimame kwa ubavu ili matundu yatazame ukutani, acha nafasi ya vidole vitatu, kisha uivishe mwenyewe kitambaa chake. Njia hiyo niliigundua baada ya kustaafu, nikiwa nimekaa bure. Inafanya kazi kabisa.

Baada ya ziara ile, kila nikienda Kishanda nilikuta nyumba iko tupu. Makochi wazi, meza wazi. Nami hupiga simu kabla ya kwenda, kama mtoto mwenye adabu. Nilidhani Mama amezeeka, macho yamechoka, ameacha kufuma. Kusema kweli nilijipa hilo jibu kwa sababu lilikuwa rahisi kulibeba.

Juzijuzi nilikuwa Muleba kwenye msiba, nikaamua kupitia Kishanda bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi. Sebule nzima ilikuwa nyeupe. Makochi, meza, redio, vyote vimevaa. Na pale pembeni ilikuwepo mashine ya kijivu, iliyokwisha kufa zamani, imevikwa kile kitambaa chenye ukingo wa rangi ya chungwa, kimenyooshwa.

Mama alisikia hatua zangu. Macho yake siku hizi ni hafifu, lakini miguu ya watoto wake anaitambua. Akaruka kutoka kwenye kiti akaanza kupapasa na kuvikusanya. "Subiri kidogo, mwanangu, sikujua kama unakuja, subiri nivitoe."

"Mama, viache. Nakuomba, viache."

Akasimama, vitambaa viwili vimemning'inia mkononi. Akageuza uso kuelekea mlangoni nyuma yangu, akasikiliza.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, Mama."

"Basi sawa," akasema, akaanza kuvirudisha.

Nilimwomba radhi siku hiyo, nikamtajia yote, na mfuko, na umeme. Akasema yalikwisha zamani, akanipa kahawa. Lakini niliporudi kumtembelea wiki iliyofuata, nikiwa nimepiga simu na kumwambia naongozana na jirani yangu, nilikuta makochi yako wazi.

Ndiyo sababu nawaandikia ninyi. Mnacho kibanda, mnacho kicheko, na Jumapili mchana hamna kazi ya maana. Nataka twende wote Kishanda. Mkae kwenye vitambaa vile, mvisifu kwa sauti, na mmoja wenu mwenye ujasiri amwombe Mama amfumie cha mashine yake. Mimi nitatangulia kuingia kama siku ile, na akiniuliza kama nimekuja peke yangu, nitamwambia nimeleta wageni wa vitambaa.